Nidhamu, nidhamu, nidhamu: nimechoka kuhubiriwa

Wiki iliyopita kazini tuliitwa kumsikiliza mtaalamu wa fedha. Saa nzima na nusu. Alisimama mbele na suti iliyopigwa pasi mpaka inakata, akatutangazia kwamba asiye na akiba hana nidhamu, na asiye na nidhamu hajipendi. Dada aliyekaa kulia kwangu, mama wa watoto watatu anayejua zimebaki siku ngapi hadi mshahara bila kutazama kalenda, alikuwa anaandika yote kwenye daftari. Nikaona amepigia mstari neno "hujipendi". Hapo ndipo damu ilipochemka.

Nidhamu hiyo niliwahi kuwa nayo. Nilikuwa na kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, na nilijiapiza kwamba kila jioni chenji yote iliyobaki mfukoni itaingia humo. Wiki mbili mambo yalikwenda sawa. Wiki ya tatu nikagundua kuwa ukipitisha kisu cha meza kwenye tundu na kukiinamisha kibubu kidogo, noti inateleza juu ya bapa la kisu taratibu mpaka kidole kinaifikia. Sarafu hazikubali, zinagonga mbao na kurudi chini. Mwisho wa mwezi nilikuwa fundi. Kibubu kilibaki kizito, ukikitikisa kinalia vizuri kabisa, mgeni angedhani nina mali. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini waliosema hivyo hawakunijua mimi na kisu changu.

Nilijilaumu miaka mingi kwa kisa kile. Sasa sijilaumu. Kosa lilikuwa moja: pesa niliiweka mahali ambapo mkono wangu unafika, halafu nikauomba mkono usifike. Ndivyo wengi tunavyoweka akiba. Mshahara unaingia, tunalipa huyu na yule, tunanunua, tunamkopesha asiyerudisha, kisha tunasubiri kitakachobaki. Hakibaki kitu. Mwenye kipato kikubwa naye analia hivyo hivyo, ila kilio chake kinatokea kwenye nyumba kubwa zaidi.

Akiba itoke siku ileile pesa inapoingia, kabla hujaizoea. Iagize benki iihamishe yenyewe kila mwezi kwenye akaunti nyingine, isiyo na kadi, ambayo kuitoa kunakupa usumbufu kidogo. Uvivu unaotufanya tuahirishe kuweka akiba ndio huohuo utakaotufanya tuahirishe kuitoa. Wachumi wawili, Richard Thaler na Shlomo Benartzi, waliutumia uvivu huo kwa makusudi. Kwenye kampuni moja ya Marekani, wafanyakazi waliokataa ushauri wa kujibana leo hawakuhubiriwa. Waliombwa wakubali mapema kwamba kila mshahara utakapopanda, sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba ya uzeeni. Waliojiunga walikuwa wanaweka asilimia 3.5 ya mshahara. Miezi 40 baadaye walikuwa wanaweka asilimia 13.6. Ni watu walewale, na udhaifu wao uleule. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004, na mwaka 2017 Thaler akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba hajipendi.

Kuandika matumizi? Kunasaidia, nakiri kwa shingo upande. Wajapani wana daftari la hesabu za nyumbani ambalo mwanahabari Hani Motoko alilitoa mwaka 1904, na hadi leo lina wafuasi. Mimi huishia siku ya 12.

Deni la riba kubwa lilipe kwanza. Kuweka akiba inayokupa asilimia 5 huku mkopo unakutafuna asilimia 20 ni kujaza ndoo iliyotoboka. Na pesa ya miaka mingi usiiache kwenye kibubu: bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 pesa hiyo inanunua nusu tu ya ilichonunua mwanzo.

Haya, nimpe mtaalamu haki yake. Akiba ya dharura aliieleza vizuri, ingawa hesabu aliipitia mbiombio, nami ndiyo iliyonishtua. Ukiweka sehemu moja kati ya kumi ya kipato na kuishi kwa tisa zilizobaki, itakuchukua miezi 9 kupata mwezi mmoja wa kuishi bila kazi. Ukiweka mbili kati ya kumi, inakuchukua miezi 4 tu, kwa sababu unaweka zaidi na wakati huohuo umezoea kuishi kwa kidogo.

Lakini kuna ambaye hata hiyo moja kati ya kumi hana. Kipato chake chote kinaishia kwenye pango, nauli na ada, na hata hapo hakijatosha. Huyo anahitaji kipato kiongezeke, na kumhubiria tabia njema ni matusi yaliyovaa suti. Mtaalamu wetu hakumtaja hata mara moja. Labda kwa sababu huyo hawezi kulipia semina ya pili, ambayo fomu zake zilianza kugawiwa kabla hata hatujamaliza kupiga makofi.

Yule dada aliichukua fomu, akaigeuza upande usio na maandishi, akaandika tarehe ya mshahara. Chini yake akaandika kiasi cha kuhamishwa benki siku hiyo. Nilichungulia. Kilikuwa kidogo mno, nikamwambia.

"Najua, ndugu yangu," akasema huku anaikunja ile karatasi. "Nataka kile ambacho kikiondoka sitakitafuta."