Babu Hakuwa Afisa Mifugo

Jumamosi tulikuwa nyumbani Machakos kwa kikao cha ukoo, nikauziwa kijitabu cha historia ya familia yetu. Karatasi ya kung'aa, picha za rangi, shilingi mia tatu. Ukurasa wa pili: "Enzi za mkoloni, Babu alikuwa Afisa Mifugo." Chai ilinipalia.

Afisa! Mwafrika, 1938, katika kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River? Kipande chake, kile kitambulisho cha kazi cha enzi za mkoloni, shangazi anacho hadi leo, ndani ya kile kikopo cha bati walichofungwa shingoni kama mbuzi wenye kengele. Kwenye aina ya kazi, mzungu kaandika: mchuna ngozi. Basi.

Binamu aliyeandika kitabu anasema ile ni "lugha ya heshima". Heshima ipi hiyo? Mimi nilimwona Babu akichuna mbuzi wa Krismasi. Alipasua kidogo miguuni na tumboni, akaweka kisu kando, kisha akasukuma ngumi kati ya ngozi na nyama, polepole, hadi ngozi ikavuka nzima kama shati. "Kisu ni cha kufungulia mlango tu," alituambia. Ngozi yenye tundu haina bei. Afisa gani angeweza hiyo?

Lakini najua kinachofichwa. Mwaka huohuo wa 1938 serikali iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo, eti ng'ombe wanaharibu udongo. Ng'ombe wakanadiwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda kilikuwa kikiwangoja. Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, akaongoza watu kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana. Yeye akaishia kizuizini Lamu, ila serikali ilirudi nyuma. Wakati wenzake wakitembea, Babu alikuwa Athi River akichuna. Pengine ng'ombe wa jirani. Pengine wa baba yake. Hilo ndilo la kuandika, hata kama linauma, kwa sababu kodi ya kichwa haikusubiri mtu apate kazi safi.

Haya, nakubali: baadaye, Kenya Meat Commission iliyoundwa 1950 ilipokishika kiwanda, alipandishwa akawa nyapara. Nyapara, jamani. Si afisa.

Nilitoa kalamu nikakata lile neno, nikaandika "mchuna ngozi" juu yake. Shangazi akachukua kitabu, akasoma akiwa amekisogeza mbali na macho, akanirudishia.

"Ongeza alikuwa wa mkono wa kushoto."