Anayetoa kadi ndiye alazimishwe, si mgonjwa

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote hapa Dodoma mwaka 2023, kuna wazo linajirudia kila watu wanapoijadili: kwamba anayeingia kwenye bima kwa mara ya kwanza, hasa yule atakayelipiwa kwa sababu hana uwezo, apitishwe kwanza kwenye mafunzo ndipo kadi yake ianze kufanya kazi. Wanaosema hivyo wana nia njema. Hoja yao ni kwamba mtu akipewa kitu asichokielewa atakitumia vibaya, au hatakitumia kabisa. Mafunzo nayataka na mimi, tena sana. Sharti ndilo silitaki.

Maana ni kweli watu hawaelezwi. Chukua CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo vijiji vyetu vimeizoea: ilikuwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, unaanzia zahanati au kituo cha afya, ukihitaji zaidi unapandishwa kwa rufaa mpaka hospitali ya wilaya na ya mkoa. Haichukui hata dakika moja kulisema hilo. Lakini kaa asubuhi moja kwenye dirisha la bima la hospitali yoyote kubwa mjini uone. Nilimsikia mama mmoja aliyetoka upande wa Bahi, mtoto mgongoni, kadi ameifunga kwenye ncha ya khanga. Kijana wa dirishani alimsalimia vizuri tu, "Shikamoo mama, barua ya rufaa ipo?" Mama akaisukuma kadi mbele. "Si hii hapa, mwanangu?" Akaelezwa kwamba bila rufaa atibiwe kwa fedha taslimu au arudi aanzie zahanati ya kwao. Hakubishana. Aliuliza tu kama daladala za stendi ya Nanenane zinapita pale nje.

Mama yule alikuwa ameshalipa mchango wake. Kuna mtu alizipokea hizo fedha, akampiga picha kwa simu, akaandika majina ya watoto, akaondoka bila kumwambia aanzie wapi akiugua. Sasa tukisema dawa ya tatizo hili ni kumlazimisha mama ahudhurie semina, tumemwadhibu aliyekosewa.

Tunajua pia masharti ya namna hii yanavyogeuka yakishafika kijijini. Kumbuka lile la kliniki ya wajawazito, "uje na mwenza." Lengo lilikuwa zuri mno, wote wawili wapime virusi vya Ukimwi na baba aelewe dalili za hatari. Likaishia wapi? Mwanamke ambaye mwenza wake yuko machimboni, au amemkana, au hayupo kabisa, anatumwa kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji akaombe barua ya kuthibitisha kwamba hana mume wa kuja naye. Hakuna aliyekaa Wizarani akapanga hivyo. Sharti likishawekwa mlangoni, mwenye mlango hulitafsiri anavyoona, na kwingine barua yenyewe haitoki bure. Mafunzo ya bima nayo yatakuwa na cheti, cheti kitakuwa na mhuri, na mhuri utakuwa na mtu aliyesafiri kwenda wilayani hadi Ijumaa.

Halafu kuna msimu. Mvua zetu ni moja tu kwa mwaka, kama Desemba hadi Aprili. Ukimwita mkulima wa Kongwa au Chamwino mafunzoni Januari, unamtoa kwenye palizi ya mtama na uwele wakati nyasi hazimsubiri. Hicho ndicho kipindi ambacho malaria na kuhara hupanda. Kwa hiyo asiyehudhuria kwa sababu yuko shambani ndiye huyo huyo mtoto wake atakayeugua kabla kadi haijafunguliwa.

(Na tusisahau historia yetu na semina elekezi. Mawaziri walipelekwa hoteli ya Ngurdoto, Arusha, mwaka 2006 kuelekezwa kazi, na sijasikia waziri aliyenyimwa gari kwa kukosa kipindi. Maji ya chupa yalikuwepo, posho sina haja ya kuuliza. Mwanakijiji yeye atakaa chini ya mbuyu kwa gharama zake.)

Kuhusu matumizi mabaya, ni kweli yapo. Kuna wanaoazimana kadi. Lakini NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, imelalamika mara nyingi juu ya udanganyifu, na sehemu yake inatoka kwa watoa huduma wanaojaza fomu za madai kwa huduma ambazo hazikutolewa. Hao walisoma. Kilichowapungukia si semina. Isitoshe, kanuni zenyewe hazitulii. Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei inazolipia, kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea wanachama wake, na watumishi wa umma wenye digrii zao walibaki getini wakipiga simu kuulizana waende wapi. Semina ya siku moja waliyohudhuria miaka mitano nyuma ingewasaidia nini?

Kwa hiyo kama kuna wa kulazimishwa, awe ni yule anayetoa kadi. Maelezo yatolewe pale pale wakati wa kuandikisha, nyumbani kwa mtu, kwa lugha anayoisikia: Kigogo Mpwapwa, Kirangi Kondoa, Kisandawe kule Chemba. Zahanati zetu tayari zina desturi nzuri ya nesi kutoa somo kwa kina mama walioko kwenye benchi kabla ya kupima watoto uzito. Somo la bima liingizwe humo, na kwenye siku za malipo ya TASAF, mfuko wa ruzuku kwa wasio na uwezo, ambapo kaya maskini wanakusanyika hata hivyo. Asiyekuwepo siku hiyo atasikia siku nyingine, kadi yake ikiwa inafanya kazi.

Na tusiishie kwenye kuombana. Kwenye CHF afisa mwandikishaji hupata kamisheni kutokana na kaya anazoandikisha, na akishapata hana sababu ya kurudi. Sehemu ya kamisheni hiyo izuiwe mpaka mwanachama apigiwe simu, au atembelewe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aulizwe mambo manne: ukiugua unaanzia kituo gani, nani na nani wamo kwenye kadi, kadi inakwisha lini, na ukiambiwa dawa hakuna unamweleza nani. Mwanachama akishindwa kujibu, kadi iendelee kufanya kazi na afisa arudi kijijini akaeleze upya, kwa nauli yake.