Hoja ya Uyombo: ubishi uko majini, jibu liko topeni

Tangu Uyombo itajwe kuwa mahali pa kujenga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, ubishi kutoka Kilifi hadi Malindi umekuwa mmoja: je, bahari itaingia mionzi? Wanaopinga huitaja Fukushima, kituo cha nyuklia cha Japani kilichopata ajali mwaka 2011. Wanaounga mkono hujibu kwamba maji ya kinu hupimwa kabla ya kumwagwa, na bahari ni kubwa. Mwaka 2025 mradi ulielekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na pwani ikashusha pumzi. Swali lililobaki bila kuguswa na upande wowote ni hili: tope letu, leo hii, lina nini?

Wasemao kwamba bahari ina mionzi tangu asili wana haki yao. Lita moja ya maji ya bahari ina bekereli 12 hivi za potasiamu-40, yaani viini 12 vya atomu huvunjika ndani yake kila sekunde. Hakuna kinu kilichoyaleta hayo. Mla samaki na kome hupata sehemu kubwa ya mionzi ya chakula chake kutoka kwa poloniamu-210, nayo ni ya asili vilevile. Hata hoja ya Fukushima haisimami imara inapotegemea tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi: maji yanayomwagwa huko tangu Agosti 2023 yamewekewa kikomo cha bekereli 1,500 kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Tena tritiamu ni sehemu ya maji yenyewe. Huenda yaendako, haing'ang'anii tope.

Lakini si kila kitu kina tabia ya tritiamu, na hapo ndipo "bahari ni kubwa" inapokwama. Sesiamu-137, zao la vinu na mabomu ya nyuklia, hupenda udongo wa mfinyanzi. Kilo moja ya tope laini kavu inaweza kushika sesiamu inayolingana na iliyomo katika lita 4,000 hivi za maji yanayoizunguka. Kwa plutoniamu, hesabu inafika lita 100,000. Maji hupwa yakaenda zake, tope linabaki. Sellafield, kituo cha nyuklia cha Uingereza, kilimwaga taka zake baharini kwa wingi zaidi katika miaka ya 1970. Umwagaji ulipopunguzwa, tope la Bahari ya Ireland likageuka kuwa chanzo, likirudisha majini kidogo kidogo kile lililokimeza. Sasa itazame Mida, jirani na Uyombo: hori lenye mikoko, maji ya polepole, tope laini, kaa na chaza wanaoliwa. Ukitaka mahali pa kunasa sesiamu, hutapata pazuri kuliko hapo.

Kuna na mto Sabaki, ambao ndio unaowachanganya wengi. Wakati wa kaskazi maji yake mekundu hushuka hadi ghuba ya Malindi na hifadhi ya bahari. Wakati wa kusi husukumwa kuelekea Mambrui na Ngomeni. Mto huo hubeba udongo wa juu kutoka bara, na udongo huo una masalia ya majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo kupata sesiamu kidogo mlangoni mwa Sabaki si ushahidi wa taka zilizotupwa. Na mchanga mweusi wa Mambrui una zirkoni, madini yanayobeba urani na thoriamu: weka kipimio cha mkononi hapo kitalia, na kabla ya magharibi mji mzima utakuwa na habari.

Upimaji wenyewe haufichi siri kubwa. Wakati wa bamvua, maji yakishapwa, bomba la plastiki la inchi 3 husukumwa wima topeni. Pima kina cha tope ndani na nje ya bomba, kwa maana tope hushindiliwa, na usipolijua hilo tabaka zako zote zitadanganya. Kata kila sentimita 2, utupe ukingo uliogusana na bomba. Kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike, chekecha, kisha uzibe chomboni kwa wiki 3 hadi 4 ili gesi ya radoni ilingane na radiamu, elementi ya asili yenye mionzi, iliyoizaa. Chombo kikivuja, radiamu itaonekana pungufu. Ndipo uhesabu kwa kigunduzi cha jemaniamu, siku nzima kwa sampuli moja. Kigunduzi cha bei nafuu cha iodidi ya sodiamu huchanganya mstari wa miali ya gama wa bismuthi-214, zao la radiamu, wenye nishati ya keV 609 (keV ni kipimo cha nishati), na ule wa sesiamu, keV 662. Kwenye mchanga wa Mambrui kitakuonyesha sesiamu isiyokuwapo.

Wapo wanaoona heri tusipime. China ilipofunga soko kwa samaki wa Japani mwaka 2023, haikungoja samaki wapatikane na madhara, na muuza kamba wa Malindi hana akiba ya kuvumilia uvumi. Hofu hiyo ina msingi. Ila nambari ikitolewa pamoja na potasiamu ya asili, inatisha kidogo kuliko ukimya.

Wengine husema tope lina tabaka, tutalisoma baadaye likihitajika. Kwenye ziwa, huenda. Mida kaa na minyoo huchimba usiku na mchana, na tabaka ya 1963, yenye masalia ya mabomu, huenda imeshachanganywa na ya juzi. Kiwango cha msingi kinapatikana kabla ya mradi, wala si baada yake, na sasa ambapo hakuna mwekezaji wa kuogopa matokeo ndio wakati wake.

Vituo 5 vinatosha kuanzia: ndani ya Mida, mlangoni mwake, Uyombo, ghuba ya Malindi na Mambrui, mara moja wakati wa kusi na mara moja wakati wa kaskazi. Nusu ya kila sampuli ihifadhiwe kavu, imefungwa na kuandikwa tarehe. Sesiamu hupungua nusu kila miaka 30, kwa hiyo atakayelipima tope hilo mwaka 2055 atajua kwa hesabu tu lilikuwa na kiasi gani.