Simon Zebo aliadhibiwa kabla ya kuondoka

Wanaomlaumu Simon Zebo, mchezaji wa raga wa Ayalandi aliyehamia Ufaransa, husema aliijua kanuni ya Ayalandi: ukienda kucheza nje, jezi ya taifa unaiaga. Kanuni hiyo ina mantiki. Shirikisho la raga la nchi hiyo ndilo linaloziendesha timu nne za mikoa, Munster, Leinster, Ulster na Connacht, na nyota wakubwa hulipwa nalo moja kwa moja. Kwa hiyo ndilo huamua nani apumzishwe na lini, jambo ambalo klabu ya Ufaransa yenye ligi ndefu haitakubali kupangiwa. Mwaka 2018 kikosi cha wachezaji wa nyumbani kilitwaa Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya timu za taifa za Ulaya, kwa kushinda mechi zote, kisha kikaifunga New Zealand 16-9 mjini Dublin.

Lakini tazama tarehe. Zebo alitangaza Oktoba 2017 kwamba angeondoka Munster msimu ukiisha. Alikuwa na miaka 27, bado anavaa jezi ya Munster, bado anacheza Ayalandi wiki hadi wiki. Kocha wa Ayalandi, Joe Schmidt, alimwacha nje ya kikosi cha Novemba hiyohiyo, wala hakumrudisha. Alikuwa amevunja kanuni gani?

Halafu kuna Johnny Sexton, mchezaji mwenzake wa Ayalandi. Alihamia Racing ya Paris mwaka 2013, klabu ileile aliyokwenda Zebo baadaye, na chini ya Schmidt huyohuyo akaendelea kuitwa. Machi 2014, akiwa mchezaji wa Racing, alifunga pointi 17 katika ushindi wa 22-20 dhidi ya Ufaransa ulioipa Ayalandi ubingwa wa Mataifa Sita. Utetezi ni kwamba Sexton hakuwa na mbadala. Sawa, ila hapo tunazungumzia uhitaji wa kocha, si kanuni tena.

Na Zebo hakuwa mtu wa kujazia nafasi. Kijana huyu wa Cork, baba yake akitokea Martinique, ndiye aliyeunyanyua mpira kwa kisigino huku akikimbia dhidi ya Wales mwaka 2013, akaudaka, na trai (bao la raga) ikapatikana. Kwa Racing alifunga trai mbili katika fainali ya klabu za Ulaya ya 2020, iliyochukuliwa na Exeter ya Uingereza 31-27.

Aliporejea Munster mwaka 2021, Andy Farrell, kocha wa Ayalandi aliyemrithi Schmidt, alimwita kikosini lakini hakumchezesha. Mechi zake za taifa zilibaki 35. Shirikisho lingeweza kuilinda kanuni yake bila kupoteza chochote: kumtumia Zebo mpaka siku mkataba wake wa Munster ulipokwisha.