Malambo ya India: maji yamepanda visimani, ila visima vya nani?

Kuna ubishi wa miaka mingi India kuhusu malambo, yaani vile vibwawa vidogo vya kuzuia maji ya mvua kwenye makorongo na vijito vya msimu. Upande mmoja wanakwambia lambo limeokoa kijiji, upande wa pili wanakwambia lambo limewanyima maji wa bondeni. Mi naona wote wana haki ya kusema wanachosema, ila wengi wanabishania ukuta wa lambo, wakati kinachoamua nani atavuna na nani atabaki na deni ni visima na pampu zilizoko jirani na huo ukuta.

Kwanza tuelewane linavyofanya kazi, manake ukisikia bwawa la umwagiliaji unafikiria mfereji unatoka bwawani moja kwa moja mpaka shambani. Kwenye India kavu mara nyingi haiko hivyo. Chukua Saurashtra, ile rasi ya jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, ambayo wazee wa pwani wanaijua kama Kathiawar, huko na jirani yake Kutch ndo asili ya familia nyingi za Kihindi za Zanzibar na Mombasa. Mvua karibu yote ya mwaka inanyesha Juni mpaka Septemba, na hata ndani ya hiyo miezi inaweza kushuka kwa fujo siku chache tu, kijito kinafurika, kesho kutwa kimebaki mawe, maji yameshafika baharini. Chini ya udongo ni mwamba mgumu wa volkano. Sasa wanakijiji wanajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza kijito, kimo cha mtu au zaidi kidogo, maji yanasimama nyuma yake wiki kadhaa na kupenya taratibu kwenye nyufa za mwamba, visima vya karibu vinapanda. Mkulima hachoti lamboni, anavuta kisimani kwake. Miezi michache baada ya mvua kukata lambo limekauka kabisa na wala hakuna anayeshtuka, kazi yake limeshamaliza.

Faida yake utaiona mwezi wa tisa. Karanga ndo zinajaza maganda, pamba ndo inafunga vitumba, afu mvua inakata wiki tatu mapema. Mkulima ameshakopa hela ya mbegu na dawa, akimwagilia mara moja au mbili tu hapo katikati anavuna, asipomwagilia anabaki na majani ya kulisha ng'ombe. Tushaar Shah, mchumi ambaye amefanya kazi miaka mingi na taasisi ya utafiti wa maji ya IWMI, hoja yake kubwa kuhusu maji ya ardhini ndo hii, kwamba mkulima anayapata palepale alipo na siku ileile anayoyataka, wakati maji ya bwawa kubwa la serikali yanakuja kwa ratiba ya ofisi, yakija. Na kisima kikibaki na maji mpaka Novemba unaingia msimu wa pili, wa baridi, unapanda ngano, dengu au jira, kwa familia yenye ekari tatu hiyo ni hela ya ada na ya kulipa mkopo.

Ndo maana baada ya ukame wa 1999 na 2000 huko Saurashtra watu hawakusubiri kubembelezwa. Serikali ya Gujarat ilianzisha mpango Januari 2000, yenyewe inatoa asilimia 60 ya gharama na wanakijiji 40, na yakajengwa malambo kwa makumi ya maelfu. Sehemu ya hela ya wanakijiji ilitoka mji wa Surat, kwa matajiri wa almasi ambao asili yao ni vijiji hivyohivyo vya Saurashtra, wilaya za Bhavnagar na Amreli, walienda mjini kama vijana wa kung'arisha mawe, wakatajirika, wakarudisha nyumbani kwa njia ya saruji.

Alwar, wilaya ya jimbo la Rajasthan, nako kuna stori inayosimuliwa kila kongamano la maji duniani. Mwanaharakati wa maji Rajendra Singh na shirika la Tarun Bharat Sangh walifika huko 1985 na kuanza kufufua johad, malambo ya udongo ya kizamani yenye ukuta wa nusu mwezi. Walifanya na wanakijiji, kila mtu anachangia nguvu au hela, na miaka ya tisini mto Arvari uliokuwa unakauka ukaanza kutiririka mwaka mzima. Singh akapewa tuzo ya Magsaysay 2001 na ile ya maji ya Stockholm 2015. Ila kipande ninachokipenda mimi kwenye hii stori sio tuzo, ni samaki. Mto ulipofufuka samaki wakarudi, 1996 serikali ya jimbo ikampa mkandarasi leseni ya kuvua, watu wakasema hapana, mto huu tumeufufua sisi, wakagoma mpaka leseni ikafutwa. Baadaye vijiji kama 70 vya bonde hilo vikaunda bunge lao la mto, na humo wakakubaliana kutolima miwa wala mpunga na kutochimba visima virefu vya mashine. Hilo la mwisho likumbuke, nitalirudia.

Sasa upande wa pili.

Lambo halitengenezi maji. Linakamata maji ambayo yangeenda mahali, na swali ni hapo mahali pana nani. Kama yangeishia baharini, sawa, umeokoa. Lakini Saurashtra bonde nyingi tayari zilikuwa na mabwawa ya kati huko chini, yaliyojengwa kwa hela ya serikali, yenye mifereji na wakulima wake. Mtafiti wa maji M. Dinesh Kumar na wenzake wametumia bwawa la Ghelo-Somnath kama mfano, kwamba malambo yalipozidi juu ya mto maji ya kuingia bwawani yakapungua, na hoja yao ni kwamba kwenye bonde ambalo maji yote yana mwenyewe, ukiongeza kuta juu unahamisha tu mavuno toka kwa mkulima wa chini kwenda kwa wa juu. Mwaka wa mvua nyingi hakuna anayelalamika, kuta zote zinajaa na yanabaki ya kupita. Mwaka wa ukame ndo yule wa juu anakamata hata hayo machache, yaani lambo linabana zaidi mwaka ambao wa chini anayahitaji zaidi. Afu kuna mwamba wenyewe, ule wa volkano una nafasi ndogo ya kuweka maji, ukishajaa umejaa, yanayobaki juu yanakaushwa na jua.

Alwar nako hili lilizuka. 2001 idara ya umwagiliaji ya Rajasthan iliamuru lambo la Lava ka Baas libomolewe, ikasema sio salama na pia linazuia maji ya wakulima wa Bharatpur huko chini. Wanaharakati walisimama nalo, likabaki, na mvua kubwa za 2003 zikalivunja. Kila upande ukalitumia kuthibitisha ulichokuwa unasema toka mwanzo. Mi nadhani serikali ilikuwa na hoja ya kweli kuhusu wa bondeni ila ilikosa uso wa kuisema, manake ilikaa miaka yote haijawapelekea wale wa juu kitu chochote.

Ila kuna jambo linalonisumbua kuliko hili la juu na chini, nalo ni la ndani ya kijiji kilekile. Lambo linajengwa kwa nguvu za wote, maji yanapanda kwenye visima vya wachache. Mwenye shamba hatua chache kutoka ukutani anaona maji yamejaa kisimani, mwenye shamba juu ya kilima haoni kitu, na asiye na shamba kabisa anaona kwa macho tu. Kibarua anapata siku nyingi zaidi za kazi kwasababu msimu wa pili upo, hilo ni kweli na sio dogo, na ile sheria ya mwaka 2005 iliyohakikishia kaya za vijijini siku 100 za kazi kwa mwaka imelipa mishahara mingi ya kuchimba na kujenga malambo. Lakini angalia nani analima yale mashamba ya Saurashtra yaliyofufuka. Mengi yanalimwa na bhagiya, watu wa makabila ya mashariki mwa Gujarat, pande za Dahod na Panchmahal, wanahamia na familia nzima, wanalala shambani, wanaangalia pampu usiku umeme unapokuja, na mwisho wa msimu wanapewa fungu la mavuno baada ya kukatwa walichokopa. Maji yaliongezeka, thamani ya shamba ikaongezeka, fungu lao linaamuliwa na mwenye kisima.

Na kwa akinamama ni hivyohivyo mchanganyiko, safari ya kwenda kuchota imefupika, ila msimu wa pili ni palizi ya pili na mavuno ya pili, na mikono inayofanya hiyo kazi mnaijua.

Sukhomajri, kijiji cha Haryana karibu na Chandigarh, walilitatua hili mapema sana. Lambo lao la kwanza ni la 1976, na wala halikuanza kwa ajili ya wakulima, lilianza kwasababu tope la vilima vile lilikuwa linajaza ziwa la Sukhna mjini Chandigarh. Wanakijiji wakaambiwa waondoe mbuzi vilimani. Wasio na ardhi wakauliza, mbuzi wetu tuondoe, maji yapate wenye mashamba, sisi tunapata nini? Jibu lililokubalika ni kwamba kila kaya ina fungu sawa la maji, awe na ardhi asiwe nayo, asiye na shamba anaweza kumuuzia mwingine fungu lake. Miaka ya baadaye mfumo ulilegea, ila unajua kwamba inawezekana.

Turudi kwenye visima. Maji yakipanda, mtu anafanya nini? Kwa kawaida anabadilisha zao. Anaacha uwele anapanda pamba, anaacha mtama anapanda miwa au vitunguu, anakopa anachimba kisima kirefu zaidi ya cha jirani, jirani naye anakopa anachimba zaidi, ni ndugu wawili wanachota mtungi mmoja kila mmoja anaogopa mwenzake atamaliza. Umeme wa mashambani majimbo mengi ulikuwa unalipwa kwa ukubwa wa pampu, sio kwa matumizi, kwahiyo ukishalipa hamna sababu ya kuzima. Na sheria inayosimamia haya ni ya mkoloni, ya 1882, ambayo tafsiri yake ni kwamba mwenye ardhi ana haki ya kuvuta maji yaliyo chini yake. Kwa hali hiyo lambo linaweza kumwachia mkulima deni kubwa kuliko alilokuwa nalo.

Maharashtra inaonyesha pande zote mbili ndani ya jimbo moja. Hiware Bazar, wilaya ambayo ilikuwa inaitwa Ahmednagar, mvua yake ni kama milimita 400 tu kwa mwaka, watu walikuwa wamekimbilia Pune na Mumbai. Popatrao Pawar akawa sarpanch, yaani mwenyekiti wa kijiji, mwishoni mwa miaka ya themanini, wakajenga malambo na makinga maji vilimani kama wengine wote, ila wakaongeza kitu ambacho wengine hawataki kusikia, hakuna kisima kirefu cha mashine kwa ajili ya kumwagilia, hakuna miwa, hakuna ndizi. Kila mwaka wanapima mvua na maji ya visimani, wanatoa kwanza ya kunywa na ya mifugo, kinachobaki ndo wanaamua walime nini, na mwaka mbaya wanaacha baadhi ya mazao ya msimu wa pili. Familia zikarudi, maziwa yakawa biashara.

Afu serikali ya jimbo hilohilo Desemba 2014 ikaja na mradi wa Jalyukt Shivar, lengo ni kuvitoa vijiji 5,000 kila mwaka kwenye ukame. Walipanua vijito, wakajenga, wakachimba, mashine zilinguruma kila wilaya. 2016 bado treni ilibeba maji ya kunywa kupeleka mji wa Latur, kwenye ukanda huohuo wa Marathwada ambako miwa ilikuwa inaendelea kumwagiliwa. Mkaguzi mkuu wa hesabu akatoa ripoti 2020 kwamba mradi umekula zaidi ya rupia bilioni 96 na mchango wake kwenye maji ya ardhini ni mdogo. Watetezi wanasema mvua zilikuwa mbovu, na kweli 2015 na 2018 zilikuwa mbovu, ila mkulima akijaziwa maji na hakuna anayemwambia avute kiasi gani ulitegemea nini? Kuna hata ruzuku za mabwawa ya shambani yaliyotandikwa plastiki, watu wakawa wanavuta maji kisimani wanajaza bwawa la plastiki juani kabla jirani hajayavuta. Hiyo sio kuvuna mvua.

Kwahiyo mi nasimama wapi? Upande wa malambo, bila kusita sana. Ukilinganisha na bwawa kama Sardar Sarovar, lile kubwa la mto Narmada, lililohamisha makumi ya maelfu ya familia, lambo halimfukuzi mtu kwao, linajengwa msimu mmoja, na fundi wa kijiji analijua. Hata tope linaloyajaza ni mali, jimbo la Telangana kuanzia 2015 walifukua mabwawa ya zamani, mengine ya enzi za wafalme wa Kakatiya, zaidi ya 46,000 kwenye orodha, na wakulima wakabeba lile tope kumwaga mashambani kama mbolea. Ninachokataa ni kuhesabu kuta na kuziita maendeleo. Mwanasiasa anazindua lambo, anapigwa picha, hakuna anayezindua katazo la kisima.

Serikali kuu inaonekana imeanza kulielewa hilo, mpango wa Atal Bhujal uliozinduliwa Desemba 2019, nusu ya hela ikiwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulivitaka vijiji vya majimbo 7 viandike bajeti ya maji kama Hiware Bazar. Kuandika sio tatizo. Ngumu ni siku ambayo mwenye ekari 40, ambaye ndo anamkopesha nusu ya kijiji na shemeji yake ndo sarpanch, analeta mashine ya kuchimba kisima usiku, na ile sheria ya 1882 iko upande wake.