Msimwambie Hajati afungue duka

Kila foleni ya Kampala ina mshauri wake wa biashara. Foleni ya mafini, zile keki ndogo za ndizi anazooka na kuuza mama tunayemwita Hajati pale unapoteremka kutoka msikiti mkuu wa Old Kampala kuelekea Kisenyi, ina washauri kuliko wanunuzi. "Hajati, kodi chumba." "Hajati, nunua oveni ya umeme." "Hajati, zifunge kwenye pakiti upeleke supamaketi." Yeye hucheka, husema inshallah, kisha hurudi kwenye makaa yake. Mimi niko upande wake, na sababu zangu ni za tumbo kwanza, za hesabu baadaye.

Oveni yake ni sanduku la bati, kazi ya mafundi wa Katwe. Makaa chini, makaa juu, trei katikati. Ni kupalia kule kule walikopikia bibi zetu mikate, ila hili lina mlango. Trei moja inabeba mafini 12, na hachanganyi unga wa trei ya pili mpaka ya kwanza iwe imeshaingia motoni. Akichanganya, anapitisha mwiko mara chache tu na kuacha madonge madogo yakionekana. Nimewasikia watu wakinong'ona kwamba ni uvivu. Wapi! Unga wa ngano ukikorogwa sana unavutika, na keki yake unaitafuna kama ndala. Halafu beking pauda huanza kazi mara tu inapokutana na majimaji, kwa hiyo unga uliolala kwenye ndoo tangu alfajiri unaingia motoni pumzi imeshapungua.

Ndizi anazotumia ni bogoya zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, zile ambazo sokoni hakuna anayezigombania. Iliki anaitwanga mwenyewe. Katikati ya kuoka anaigeuza trei, ya nyuma ije mbele, maana bati la nyuma lina moto mkali zaidi. Saa haangalii. Anachomeka kijiti cha ufagio (ufagio mpya, nimeuliza) kwenye mafini ya katikati; kikitoka kikavu, trei inatoka. Unapewa yako kwenye kipande cha karatasi, huku juu pana ukoko mwembamba unaovunjika kwa kidole na ndani bado panafuka moshi.

Hicho ndicho tunachopangia foleni, na hakiwezi kuhamia kwenye rafu ya supamaketi. Keki ya moto ukiifunga kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, inatoa jasho, jasho linarudi juu yake, na ule ukoko unageuka kuwa ngozi laini yenye kunata. Ukiisubiri ipoe ndiyo uifunge, umeuza keki iliyopoa, na za kupoa Kampala imejaa. Sizidharau. Watoto wangu wanazibeba shuleni. Lakini hakuna anayesimama juani kwa ajili yake.

Sasa hesabu. Mwenye chumba cha biashara mjini mara nyingi anataka kodi ya miezi kadhaa mkononi kabla hujapiga hata msumari. Oveni ya umeme nayo inakula yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, iwe umeuza au hukuuza. Makaa si rahisi pia, hasa tangu 2023 Rais alipopiga marufuku biashara ya makaa yanayotoka kaskazini, lakini makaa unanunua kwa kadiri ya siku yako. Na ngano? Sisi tunalima kidogo, upande wa Kapchorwa. Nyingi inatoka nje. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022 bei ya unga ikapanda, na chapati za rolex, zile zinazoviringishwa na mayai, tukaziona zikikonda. Mwenye meza anaweza kuoka trei mbili badala ya tano, akafunga mapema, akaenda nyumbani na mtaji wake. Mwenye duka, siku unga ukipanda, kodi haimsubiri.

Sisemi barabara ni pepo. Januari 2022 wachuuzi walifagiliwa mitaani Kampala nzima, na wengi walipoteza bidhaa. Hajati ana afadhali kwa sababu yuko kwenye baraza la mtu na anamlipa, ila mvua ya upepo ikija makaa ya juu yanazimika na trei nzima inakaa katikati, si mbichi si mbivu. Anachohitaji mama huyu ni paa refu kidogo na kibali kinachoeleweka, ambacho mwenye bunduki wala mwenye kofia hawezi kukibadilisha maana asubuhi na jioni. Hayo mawili sijasikia mshauri yeyote wa foleni akiyataja.

Ila kuna jambo moja ambalo na mimi ningemshauri, kwa kuwa nimeshakula hasara yake. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, foleni inafika mpaka kwa fundi viatu. Ndipo anapokuja kijana na boksi, ananunua trei mbili zote, anapanda boda na kwenda kuziuza maofisini kwa bei yake. Sisi tuliobaki tunaangaliana, trei inayofuata ndiyo kwanza inapakwa mafuta. Hajati, kama ujumbe huu utakufikia: mtu mmoja, mafini sita, basi. Akitaka zaidi arudi nyuma ya foleni.