Petro na wenzake walikwama wapi?

Kila Pasaka inapokaribia nasikia mahubiri yaleyale: mitume waliambiwa mara tatu kwamba Yesu angekufa na kufufuka, na bado hawakuelewa. Petro anafanywa mzito wa akili, Tomaso anabandikwa shaka kama jina la ukoo, na sisi tulioketi kwenye mabenchi tunarudi nyumbani tukijiona afadhali. Naona watu hawa wanaonewa, ingawa wanaowalaumu nao wana hoja.

Katika Injili ya Marko, Yesu anataja kifo chake na kufufuka kwake mara tatu, sura ya 8, 9 na 10, na mara ya kwanza tunaambiwa alilisema jambo hilo waziwazi. Petro, Yakobo na Yohana walikuwa chumbani binti Yairo alipoinuliwa kutoka mautini. Mathayo anaongeza la kuuma zaidi: wakuu wa makuhani walimwendea Pilato kuomba kaburi lilindwe, kwa kuwa waliikumbuka ile kauli ya siku tatu. Maadui walikumbuka. Na Yesu mwenyewe aliwaita wale wanafunzi wawili aliokutana nao njiani kwenda Emau baada ya kufufuka watu wenye mioyo mizito ya kuamini. Lawama hiyo imeandikwa na siwezi kuifuta.

Wapo pia wataalamu, wakimfuata Mjerumani William Wrede aliyeandika mwaka 1901, wanaoona kutoelewa huku kuwa fundisho lililoingizwa katika simulizi baadaye, wala si kumbukumbu ya siku zenyewe. Hoja hiyo nimeisoma na haijanishawishi. Jumuiya iliyomheshimu Petro ingehitaji sababu nzito sana ya kumtungia aibu ya namna hii.

Lakini tusome Marko 9 polepole. Petro, Yakobo na Yohana wanashuka mlimani na Yesu, walikomwona akigeuka sura. Wamekatazwa kusimulia waliyoyaona hadi Mwana wa Adamu atakapofufuka katika wafu. Wanalishika neno hilo, wanaulizana wao kwa wao maana yake ni nini, kisha wanamgeukia na kumuuliza: mbona waandishi, yaani walimu wa Sheria, husema ni lazima Eliya aje kwanza?

Swali hilo la Eliya wengi wetu tunaliruka, na ndilo linaloonyesha walipokwama. Nabii Malaki aliahidi kwamba Eliya atatumwa kabla ya siku ile kuu ya Bwana. Kitabu cha Danieli, sura ya 12, kinasema wengi waliolala mavumbini wataamka. Kwa Wayahudi walioamini ufufuo (Masadukayo, kundi moja la Wayahudi, waliukataa kabisa), hilo lilikuwa jambo la mwisho wa nyakati na la halaiki. Martha alilijua vizuri. Kaka yake Lazaro akiwa kaburini siku ya nne, alijibu bila kusita kwamba atafufuka siku ya mwisho. Kwa hiyo Petro na wenzake walikuwa wakipiga hesabu sahihi: kama kufufuka kuko karibu, basi mwisho uko karibu, na kama mwisho uko karibu, Eliya yuko wapi? Kilichowashinda ni kusikia kwamba mtu mmoja angefufuka peke yake, wiki iendelee, soko lifunguliwe, na Warumi wabaki walipo.

Sisi wa Kiswahili tungepaswa kuwahurumia kuliko wengine. Biblia yetu ya Muungano, inapowataja Masadukayo, husema hao ni watu wasemao kwamba hakuna kiyama. Kiyama! Jirani yako, awe Mwislamu au Mkristo, akilisikia neno hilo anawaza siku moja ya watu wote, makaburi yote yakifunguka. Sasa mwalimu wako akuambie njiani kwamba kiyama chake ni siku tatu baada ya mazishi yake. Ungetikisa kichwa kwa heshima, kisha ungemuuliza mwenzako pembeni: amemaanisha nini?

Tena walikuwa wameshaungua. Muda mfupi kabla, chomboni, Yesu aliwaonya juu ya chachu ya Mafarisayo, wao wakadhani anazungumzia mikate waliyosahau kubeba, akawakemea. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwalimu anayesema kwa mafumbo akitamka neno la ajabu, utajuaje kwamba safari hii amelisema kama lilivyo? Marko anasema kwamba mara ya pili waliogopa kumuuliza.

Nikumbushe na wale wanawake waliomfuata Yesu. Wao waliyasikia maneno hayohayo Galilaya. Luka anasema walipokumbushwa kaburini waliyakumbuka. Lakini Sabato ilipopita walinunua manukato. Siachi kuyafikiria manunuzi hayo. Nikodemo, aliyesaidia kumzika Yesu, alikwisha kuleta manemane na udi kama ratli mia, zaidi ya kilo 30 kwa mizani ya Kirumi, na bado wao walitoa fedha yao. Hakuna anunuaye manukato ya maiti kwa mtu anayemsubiri atoke. Katika Yerusalemu ya siku zile wengi waliozikwa mapangoni walilazwa hadi nyama iishe, kisha jamaa wakarudi kukusanya mifupa na kuiweka katika sanduku la mawe. Wanawake wale walikwenda alfajiri kufanya sehemu yao ya kazi hiyo, kwa upendo, na swali lao njiani lilikuwa ni nani atakayewaviringishia jiwe.

Waliporudi na habari, mitume waliona ni upuzi. Tena hata Yesu alipowatokea, akawaonyesha mikono na miguu, Luka anasema hawakuamini kwa furaha, hadi akaomba chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Mathayo anafika mbali zaidi. Kule mlimani Galilaya walikuwa kumi na mmoja, walimsujudia, na baadhi yao waliona shaka. Yesu hakuwatenga wenye shaka upande wao. Agizo la kwenda kwa mataifa yote aliwapa wote kumi na mmoja pamoja.